Donge Chini ya Cherehani

Katika karakana ya mahema alikofanya kazi Kona, sindano ikivunjika hakuna mchezo. Mshonaji anazima cherehani, anapiga magoti na kutafuta vipande vyote, hata ile ncha ndogo kuliko punje ya mchele, kisha anavipanga mbele ya msimamizi mpaka sindano ionekane nzima tena. Ncha isipopatikana, msimamizi analeta sumaku yake kubwa na kuipitisha juu ya nguo, sakafuni, na akiwa amekasirika, hata kwenye nywele za mtu. Hema halitoki mlangoni mpaka ijulikane ncha iko wapi. Watu wataweka vichwa vyao humo, husema msimamizi, na kichwa cha mtu si kimto cha kuchomekea sindano.

Desturi ya pili ya pale ilipendwa zaidi. Hema la muundo mpya haliuzwi mpaka aliyelishona atoke nalo, alisimamishe porini, apike kando yake ili moshi na cheche vilipime, kisha alale humo. Mshonaji akiamka mkavu, mteja naye ataamka mkavu. Basi washonaji waligombania mahema mapya kama watoto wanavyogombania ukoko, maana ilikuwa mapumziko ya bure na hakuna bosi.

Safari hii zamu ilikuwa ya Kona. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Kazini aliitwa Kona, na hata nyumbani walishazoea. Kona za hema ni pale turubai, mkanda na kamba zinapokutana na kukunjwa pamoja, tabaka juu ya tabaka, mpaka cherehani inaguna kama mtu anayepandishwa ngazi na mzigo. Wengine walizikwepa. Yeye alizipenda, na ukweli usemwe, alijisifu nazo kupita kiasi.

Hema lilikuwa la familia, kubwa, la kijani, lililoshonwa kwa uzi wa rangi ya machungwa. Kwa hiyo Kona angetoka na familia: mume wake, dereva wa lori la mchanga, shemeji yake, kinyozi ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mashine yake, na mama mkwe. Kona na mama mkwe wake walipendana, jambo ambalo majirani waliliona kama aina fulani ya ugonjwa. Yule mama alikuwa hajavuka geti tangu apasuliwe goti. Aliposikia habari ya kulala kwenye hema, alifunga mzigo wake kabla hata hajaulizwa kama atakwenda.

Siku ya kuondoka, Kona alikwenda kazini na beseni la unga uliokandwa. Ndani yake alikuwa ameweka hamira, vitunguu saumu vilivyopondwa, giligilani, pilipili manga na jibini iliyokunwa. Kuleta chakula kwenye cherehani kumekatazwa, na kila mshonaji anakileta, kwa sababu hakuna mahali donge linaumuka vizuri kama chini ya meza, karibu na mota inayochemka. Kona alilifunika beseni kwa kitambaa, akalisukuma kwa mguu, akashona.

Akiwa kwenye kona ya mwisho kabisa, sindano ilivunjika. Kona alisikia mlio wake, akazima cherehani. Kipande cha juu kilikuwa bado kimebanwa mahali pake, cha katikati kilining'inia kwenye uzi. Ncha haikuwepo. Aliipapasa nguo, akakung'uta aproni, akapangusa meza kwa kiganja. Nje, lori la mume wake lilipiga honi, na dirishani alimwona mama mkwe ameketi juu ya begi lake getini, amejitanda kanga mpya, anamsalimia kila anayepita.

"Sindano imekamilika?" aliuliza msimamizi, aliyeusikia mlio kutoka upande wa pili wa karakana.

Kama angesema haijakamilika, wangemwaga mapipa ya vipande, wangefagia, wangeleta sumaku, na safari ingekufa pale pale. Ncha yenyewe itakuwa imerukia sakafuni, alijiambia, ndiko zinakorukia siku zote.

"Imekamilika," alisema. Ulimi hauna mfupa. Msimamizi alimwamini, hakuja kuvikagua. Kona akavifunga vile vipande viwili ndani ya karatasi, akavitia mfukoni, akaweka sindano mpya, akaimalizia kona, akakunja hema, akachukua beseni lake akatoka.

Walipiga kambi kwenye uwanda mdogo kando ya kijito, chini ya miti iliyotoa kivuli cha kutosha. Hema lilisimama kwa mara ya kwanza bila kubishana na mtu, na Kona alilizunguka mara mbili, mikono kiunoni. Dereva aliwasha moto wa kuni, akauacha uungue mpaka ukabaki makaa mekundu. Kinyozi alipewa kazi ya kumenya maganda ya vijiti. Kila mdudu alipotua karibu, yeye aliruka.

"Wewe unashika wembe shingoni mwa watu," mama yake alimwambia, "unamkimbia panzi?"

"Mteja wangu haruki, mama. Huyu anaruka bila kutoa taarifa."

Kona aliwafundisha. Unakata kipande cha donge, unakiviringisha kiwe kirefu kama mkanda wa kiatu, unakizungushia kwenye kijiti, kisha unakishika juu ya makaa, si juu ya ndimi za moto, na unakigeuza bila kuchoka. Mwenye haraka ataunguza nje na kula ubichi ndani. Pembeni aliweka soseji, na ndizi mbivu alizozipasua, akazitia chokoleti na kuzifunga kwenye karatasi ya foili. Harufu ya kitunguu saumu na jibini ikapanda, na mazungumzo yakapungua yenyewe.

Mkate wa kwanza ulioiva alipewa mama mkwe, kama ilivyostahili. Magego yake alishayaaga zamani, na alikuwa na mtindo wake: anakata kwa meno ya mbele, anageuza mara moja, anameza. Mkate ule ulikwisha ukiwa bado unatoa moshi.

"Mwanangu," alisema huku akijipangusa midomo, "hiki ndicho walichokuwa wanakula malaika nilipokuwa nakula uji wa hospitali." Akanyoosha mkono kupokea wa pili. Kinyozi, ambaye hakusubiri kukaribishwa, alikuwa ameshamaliza miwili.

Kona aliinama kwenye beseni kukata donge jingine. Kisu kilipopita, aliona kitu cha rangi ya machungwa. Alikivuta kwa kucha. Kilikuwa kipande cha uzi.

Alikitazama kama mtu anayesoma jina lake kwenye kaburi. Uzi ule ulitoka kwenye cherehani yake. Kama uzi ulidondoka kutoka juu ukaingia kwenye beseni, basi donge lilipoumuka lilikisukuma kitambaa pembeni, likakaa wazi chini ya sindano. Na kilichodondosha uzi kingeweza kudondosha kingine.

Alipogeuka, mama mkwe alikuwa ameupeleka mkate wa pili mdomoni.

Kona aliruka. Aliunyakua mkate ule na kijiti chake, kwa nguvu, mpaka ule mkono wa kizee ukabaki hewani mtupu. Mkwe kumpokonya mama wa mumewe chakula mdomoni! Dereva alisimama. Kinyozi alimtazama mama yake, kisha Kona.

"Msile," Kona alisema. "Mtu yeyote asile. Mama, kuna kitu kimekuchoma kooni? Niambie ukweli."

"Kitu gani?"

Angeweza kusema mchanga. Angeweza kusema nywele, wakacheka, akamwaga donge lote kijitoni na jambo likaisha, isipokuwa kwa yule aliyekuwa ameshameza. Kona alimtazama mama mkwe, na kanga yake mpya yenye majivu kidogo magotini, akaona hawezi.

"Sindano ilivunjika nikiwa kazini," alisema. "Ncha sikuipata. Nilimwambia msimamizi nimeipata, kwa sababu ulikuwa umekaa getini unasubiri. Na hili donge lilikuwa chini ya cherehani."

Kijito kilisikika, na soseji zikilia peke yake.

"Miwili," kinyozi alisema hatimaye, akishika tumbo. "Mimi nimekula miwili. Kaka, kile kiti changu cha kunyolea ukichukue wewe. Usimuuzie yule wa jirani, anakitamani sana."

"Nyamaza," dereva alisema. "Mama, umesikia chochote? Maumivu? Mkwaruzo?"

"Nimesikia kitunguu saumu," alisema mama yake. "Mbona mnanitazama kama maiti? Niko hapa."

Dereva alikimbilia kwenye lori, akarudi na tochi yake ya matengenezo, ile yenye sumaku kitakoni ya kuibandika kwenye boneti. Wakaanza kazi. Kona alilichana donge lote vipande vidogo vidogo juu ya sinia, na dereva akaipitisha sumaku juu ya kila kipande. Mikate iliyokuwa kwenye vijiti ikapasuliwa, ikafikichwa, ikapitiwa. Hata makombo kwenye kanga ya mama mkwe yalikaguliwa. Sumaku haikushika kitu. Ndani ya Kona mlikuwa na hesabu moja tu, nyepesi na mbaya: kama ncha haimo kwenye donge lililobaki, basi imo kwenye lililoliwa.

"Tunaondoka," dereva alisema. "Hospitali. Kunja hema."

"Kwa barabara ile?" mama yake aliuliza. "Kama ninayo tumboni, mashimo yale ndiyo yatanimaliza." Alisema kwa mzaha, lakini mkono wake ulikuwa umepanda kooni na ukabaki hapo. Kona aliuona mkono ule na machozi yakamjaa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini yeye hakujua kwamba ingeishia kwenye shingo ya mtu anayempenda.

Alikwenda kung'oa vigingi kwa sababu ameambiwa, mikono ikifanya kazi bila kichwa. Alifungua kamba ya kona moja, akaenda ya pili. Alipofika kona ya mwisho, aliyoimaliza kwa haraka, aliishika ili aikunje, na mikono ya mshonaji ina kumbukumbu yake. Ilikumbuka ule mguno wa cherehani. Ilikumbuka kwamba mlio wa kuvunjika haukuja sindano ikiwa inapanda, bali ikiwa inashuka, imeshaingia ndani ya matabaka yote. Sindano ikivunjika ikiwa inapanda, ncha huruka. Ikivunjika ikiwa inashuka, huzama.

"Lete tochi," alisema.

"Kona, hatuna muda."

"Lete tochi!"

Hakuwahi kumpigia kelele mume wake namna ile, na kwa mshangao tu aliileta. Kona aliipitisha sumaku polepole kwenye mshono. Iliipita pete ya kamba bila kujali, maana pete za mahema ni za shaba na sumaku haina habari na shaba. Ikateleza kwenye mkunjo wa mkanda, pale penye unene kuliko pote. Hapo ikasita. Kona aliivuta kidogo, na nguo ikaifuata.

Alichukua kile kisu cha kukatia donge.

"Hilo hema si letu!" dereva alisema.

"Najua ni la nani. Nimelishona mimi."

Akaipasua. Kona yake aliyoisifia, yenye mishono iliyonyooka kama imepigwa rula, aliichana tabaka baada ya tabaka, uzi wa machungwa ukitawanyika kwenye majani. Mkanda ukafunguka, turubai likafunguka, na kwenye mkunjo wa mwisho kitu kidogo kilimeta. Alikibana kwa kucha, akakitoa.

Bado hakuthubutu kufurahi. Alifungua ile karatasi mfukoni, akamwomba mama mkwe akunjue kiganja, akavipanga humo: kipande cha juu, cha katikati, na ncha. Vikakaa. Sindano ilikuwa nzima, haikupungua hata chembe, imelala kwenye mistari ya kiganja cha yule ambaye ilidhaniwa imo tumboni mwake.

Kona aliketi chini kwenye majani na kulia kwa sauti, kilio cha mtoto aliyepotea sokoni akaonwa na mama yake. Kisha akaanza kucheka katikati ya kilio, na dereva akacheka, akaketi naye, akamshika bega.

"Kwa hiyo nitaishi?" kinyozi aliuliza.

"Kwa bahati mbaya," mama yake alijibu.

"Basi kile kiti sikitoi tena. Kaka, umesikia? Nimefuta usia."

Mama mkwe alivifunga vile vipande vitatu ndani ya karatasi yao, akamrudishia Kona. Akashika kidevu cha mkwe wake akakiinua.

"Safari nyingine nikiwa nimekaa getini," alisema, "niache nikae. Mimi nimekaa nikisubiri mambo mengi maishani, na hakuna hata moja lililoniua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe uliponipokonya mkate. Mtu anayenichukia angeniacha nile. Sasa nipikie, njaa imerudi na ndugu zake."

Mikate ya vijitini haikuwezekana tena. Donge lilikuwa vipande elfu kwenye sinia, na lililoiva lilikuwa makombo. Kona alilitazama, akajipangusa pua kwa pindo la aproni, akachukua kikaango. Aliyeyusha siagi, akakaanga kitunguu maji mpaka kikaanza kuwa na rangi, akamimina vile vipande vya donge akivigeuza upesi upesi. Vilivimba, vikawa kama vifungo vya dhahabu. Akakatia soseji humo, akatupia makombo ili yakauke na kulia mdomoni, kisha jibini yote iliyobaki, ambayo iliyeyuka na kuvuta nyuzi kila mwiko uliponyanyuka. Mwishoni akabana limau. Moshi wa kuni ulikuwa umeingia ndani ya kila kitu, na hakuna aliyelalamika.

Vikiwa motoni alipanda juu ya bodi la lori, mahali pekee penye mtandao, akampigia msimamizi. Alimweleza yote bila kupunguza.

"Sumaku ingeipata kabla hujamaliza kukunja," msimamizi alisema.

"Najua."

"Jumatatu utaishona upya kona hiyo mbele ya wenzako, na utawaeleza kwa nini unaishona."

"Nitawaeleza."

Akasikia mzee wa watu anavuta pumzi. "Mama alikuwa ameshakula mikate mingapi?"

"Mmoja."

"Basi mpe wa pili," alisema, akakata simu.

Walikula kutoka kwenye kikaango kile kile, kila mtu na kijiti chake, wakichoma vipande na kugombania vile vilivyoshikana na jibini. Mwanzoni mikono ilisita. Kila mmoja alikitazama kipande chake pande zote, ingawa sindano ilikuwa nzima mfukoni mwa Kona na wote waliiona. Mama mkwe ndiye aliyevunja mwiko. Alichukua kipande kikubwa kuliko vyote, akakitupia mdomoni mbele ya macho yao, akameza. Baada ya hapo ikawa vita. Kinyozi aliapa kwamba chakula hiki kina ladha ya mtu aliyefufuka. Dereva alizifungua zile ndizi, chokoleti ikamtiririka mpaka kwenye kiwiko, na alikilamba kiwiko hadharani bila aibu. Kona alikula kuliko alivyowahi kula mbele ya wakwe. Kila tonge lililoshuka salama lilimfurahisha, lake na la wenzake.

Jua lilipoanza kuinama, mama mkwe alisema anakwenda kulijaribu hema, kwani hicho ndicho kilichomleta. Walizifunga tena kamba za kona tatu, wakaweka mito chini ya goti lake. Kona moja ya hema ilining'inia wazi, upepo wa kijitoni ukaingia, naye akasema hajawahi kulala kwenye chumba chenye hewa nzuri namna ile.

Hawakungoja sana. Mkoromo ulianza kwa unyenyekevu, kama mtu anayebisha hodi, ukapata nguvu, ukapanda mpaka turubai likaonekana kutikisika. Ndege kwenye mti wa jirani walihama. Kinyozi aliziba masikio kwa vidole viwili.

Dereva alisimama akicheka. "Ngoja nimgeuze kidogo, la sivyo hatutasikilizana hapa."

"Usimguse," Kona alisema.

"Husikii kelele zote hizo?"

"Nasikia. Mwache akorome."

Akachukua kigoda chake, akakisogeza mpaka kando ya ile kona iliyo wazi, akaketi hapo ili asikie vizuri.